Neno la Kunegunda

Tomasi alivua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile, akapita mpaka uani na mkungu wa ndizi begani. Angelina alikuwa anakaanga maandazi. Alipomwona kaka yake anakuja pekupeku, ameinamisha kichwa, alijua kwamba hakumfuata yeye. Amemfuata yule mwingine.

"Mama," Tomasi alisema, akautua mkungu. "Tumefanya kama ulivyoagiza. Ahmadi amekubali. Jumamosi anapanda na watu wake kuweka mipaka."

Angelina aligeuza andazi. Tomasi alimzidi umri. Utotoni kule mlimani ndiye aliyekuwa akimtuma maji na kumzaba kibao akichelewa. Sasa alikuwa anamwita mama, na usoni hakuwa na hata chembe ya utani.

"Niliagiza nini?"

Tomasi alimtazama shemeji yake Bartholomeo, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akitengeneza redio ya jirani, kisha akarudisha macho chini. "Bonde. Siku ile ya maharage. Ulisema tuuze."

Andazi liliungua. Bartholomeo ndiye aliyeinuka akalitoa.

Mama yao, Kunegunda, alifariki mwishoni mwa masika, juu Matombo. Matanga yalipoanuliwa, watu wa lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama ambao kwa Waluguru ndio wenye ardhi, walimkalisha Angelina mkekani, wakamfunga kaniki ya marehemu na kumpa jina lake. Mrithi wa jina anakaa mahali pa aliyekufa. Watoto wake wanamwita bibi, kaka zake wanamwita mama, na ardhi ya ukoo haiuzwi bila yeye kutamka. Mara nyingi mambo hayo huwa ni heshima tu. Mtu hupewa jina, akarudi mjini, akaendelea na maisha yake.

Kwa Angelina haikuwa hivyo. Siku chache baada ya matanga akaanza kupatwa na joto. Lilianzia kifuani likapanda shingoni na usoni, jasho likamtoka hata kukiwa na baridi. Usingizi ukamkimbia. Alilia kwa sababu ya chumvi kuzidi kwenye mboga, na siku nyingine alimrushia mteja maandazi kwa kuuliza kwa nini yamepungua ukubwa. Bintiye Josephine akawa anapita pembeni kwa pembeni ndani ya nyumba. Habari zilipofika mlimani, wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Kunegunda amefika, walisema. Marehemu mwenyewe alikuwa hivyohivyo alipokuwa na umri huo.

Siku ya maharage Angelina alikuwa amepanda kumsaidia mdogo wake Shamimu kuvuna. Hakuwa amelala. Wanawake walikuwa wanapukuchua, upepo wa mlima unavuma, na joto likampanda ghafla mpaka akatupa khanga na kusimama amejishika shingo. Tomasi akachagua wakati huohuo kumuuliza habari ya bonde, kwamba kuna tajiri wa mitumba, Ahmadi, anataka kujenga nyumba ya wageni kwa ajili ya Wazungu wanaopanda mlima.

"Uzeni," Angelina alifoka. "Uzeni bonde, uzeni na migomba yake, na mimi mwenyewe mniuze, mradi mniache nipumue."

Mjomba wao Mwinshehe, mkubwa wa ukoo, aligonga fimbo chini akasema, "Tumesikia." Angelina alidhani mzee amesikia tu kwamba yeye amechoka. Akakaa, akaendelea na maharage, na jioni ile alikuwa ameshasahau, kama mtu anavyosahau alivyolitukana sufuria lililomwunguza.

"Shamimu analima wapi mkiuza bonde?" aliuliza sasa, akiondoa karai motoni.

"Wewe ndiye uliyetamka, mama," Tomasi alijibu kwa adabu. "Sisi ni watoto."

Alipoondoka, Bartholomeo aliitupa bisibisi kwenye kopo. Alikuwa fundi mitambo wa kiwanda kwa maisha yake yote, mpaka kiwanda kilipopata mwenyewe mpya na mwenyewe mpya akabakiza wafanyakazi wachache. Tangu hapo alikaa nyumbani akitengeneza vitu vya watu wasiolipa, na kila asubuhi aliona aibu kumtazama mkewe anavyowasha moto. Lakini kichwa chake bado kilikuwa cha fundi. Kitu kikipata moto kuna sababu, na sababu iko ndani ya kitu chenyewe.

"Kesho tunakwenda kliniki," alisema.

"Watataka tuchangie."

"Tutachangia. Mke wangu ni Angelina, na Angelina anaumwa."

Kwa neno hilo tu Angelina alitokwa na machozi. Bartholomeo hakuuliza kwa nini. Alikuwa ameshazoea, na alimpenda.

*

Dirishani pale kliniki walitakiwa kwanza kununua daftari lao wenyewe, kisha wakakaa kwenye benchi pamoja na wanaume waliokuja kupima malaria. Nesi alikuwa msichana mwenye sauti kubwa. "Mama Josephine, siku zako umeziona lini mara ya mwisho?" aliuliza akiwa bado mlangoni, na benchi zima likageuza macho ukutani. Angelina alitamani ardhi immeze. Aliingia ndani amejifunika khanga mpaka kidevuni, Bartholomeo nyuma yake.

Hata hivyo, alipofunga mlango, nesi yule alikuwa mtu mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Kisha akawaeleza kwamba kwa mwanamke anayekaribia hamsini mwili unapunguza homoni zile zilizokuwa zinaleta hedhi, na hazipungui kwa utaratibu. Leo ziko juu, kesho ziko chini. Hiyo ndiyo sababu ya joto, ya kukosa usingizi, na hasira inayokuja bila kubisha hodi.

"Kwa hiyo siumwi."

"Huumwi. Unavuka. Kuna wanaovuka kimya na kuna wanaopata shida kama wewe. Na nyumbani kukoje?"

Angelina alimgeukia mumewe. Afadhali Bartholomeo alimsaidia. Akasema amefiwa na mama. Akasema yeye mwenyewe alipunguzwa kazi, na nyumba inakula kwa maandazi ya mama huyu, anayeamka kabla ya jogoo. Akasema yote hayo akiwa ameangalia miguu yake.

"Basi na hayo yamo," nesi alisema. "Msiende mkasema ni homoni peke yake. Mtu asiyelala, aliyefiwa na anayebeba nyumba, hata akiwa msichana atalia. Homoni zinamkuta tayari amechoka. Mpunguzie kazi, baba, alale mchana kidogo. Na wewe mama, usikae sana na moto."

"Ninakaanga maandazi."

Wote watatu wakacheka, kicheko cha watu wasio na njia.

"Mama yako mzazi alikuwaje umri huu?" nesi aliuliza, kwa kumalizia tu.

Akilini Angelina alimwona mama yake amesimama ndani ya kijito cha bondeni, maji yamefika magotini, gauni limelowa, asubuhi ya baridi ambapo watoto walikuwa wanatoa moshi mdomoni. Alikuwa anaingia mle karibu kila siku. Watu walisema mizimu ya maji imemshika. Waliletwa waganga, akafukizwa, akapigiwa ngoma, akachanjwa chale mpaka mgongoni. Baba yao alihamia kwa mwanamke mwingine kwa sababu, alisema, hawezi kulala na mtu mwenye wenzake. Na mama hakuwa akisema lolote, isipokuwa neno moja alilolirudia wakati wanamtoa majini: niacheni.

"Alikuwa anasikia joto," Angelina alisema taratibu. "Alikuwa anasikia joto tu."

Alilia njia nzima kurudi nyumbani, na safari hii alijua anachokililia.

*

Walipanda mlimani Ijumaa. Gari la mizigo liliwashusha Mkuyuni, wakanunua sukari na sabuni za kupeleka, wakaendelea. Mjomba Mwinshehe alikuwa nje ya nyumba yake anasuka ungo. Alipowaona aliinuka haraka, mzee wa mvi nyingi, akainama.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Shikamoo, mjomba," alijibu Angelina.

Salamu mbili ziligongana hewani na hakuna iliyoitikiwa. Tomasi, aliyekuwa anakata kuni, aliacha shoka.

Angelina alieleza yote, na Bartholomeo akaongeza pale alipokwama. Walisema habari ya umri na homoni, na habari ya kutolala. Walisema kwamba siku ile aliyefoka ni Angelina, mwanamke aliyekuwa na joto, na kwamba Kunegunda hakuagiza lolote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho huku anapitisha ukindu kwenye vidole.

"Kwa hiyo dada yangu hajafika," alisema.

"Hajafika, mjomba. Ni mimi tu."

"Kama ni wewe tu, basi ile kaniki tulimfunga mtu asiyekubaliwa na marehemu. Nafasi ya Kunegunda haina mtu. Na mambo ya ardhi yakikosa mwanamke wa kutamka, yanabaki kwangu mimi na kaka zako." Alisema hayo bila ubaya. Mjomba Mwinshehe hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayefuata jambo mpaka linapoishia. "Tomasi, wewe unasemaje?"

"Tuuze," alisema Tomasi. Alikwishapokea kitu mkononi mwa Ahmadi, na kila mtu alijua.

"Na kama ni yeye?" aliuliza Bartholomeo. "Kama ni Kunegunda?"

"Kama ni yeye, ameshasema tuuze," mzee alijibu. "Siku ile tulimwona kwa macho yetu. Jasho lilikuwa linamtiririka na upepo ule."

Bartholomeo alicheka kwa hasira. Angelina hakucheka. Alikuwa ameelewa kabla ya mumewe: akiwa mama, neno limeshatoka, na akiwa yeye mwenyewe hana neno.

"Na mama akisema vingine?" aliuliza.

Mzee aliuvuta ukindu, akaukaza. "Akija, tutamjua. Hapa sasa namwona Angelina, mtoto wangu mzuri, amekaa ametulia, ameniletea sukari."

Walilala kwa Shamimu, bondeni. Shamimu alikuwa mjane, mdogo wa wote, aliyebadili dini na jina alipoolewa na akarudi kwenye ardhi ya mama yake mume alipokufa. Alilima magimbi na maharage, na ndizi alizibeba kichwani mpaka sokoni Mkuyuni. Kijito kilipita nyuma ya jiko lake. Aliwapikia wageni bila kuuliza lolote. Wakati wa kula tu alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimefikiria niwapeleke watoto kwa baba yao mkubwa. Mimi nitatafuta kazi ya ndani mjini. Unafikiri watanichukua, na umri huu?"

Angelina alilirudisha tonge sahanini.

*

Jumamosi asubuhi Ahmadi alifika na vijana watatu, kamba ya katani na mzigo wa vigingi vya mti. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye heshima zake, aliyewasalimia wote na kumpa kila mtoto peremende. Ukoo ulikuwa umekusanyika ukingoni mwa bonde. Shamimu alikaa mlangoni pake na wanawe, amejifunga ushungi.

Angelina alilisubiri joto. Kulipopambazuka alikuwa ameshakunywa chai ya tangawizi, vikombe viwili vya moto. Alikaa karibu na jiko. Alijifunga khanga tatu. Kwa miezi yote ile alikuwa ameomba liondoke, amewasha mishumaa kanisani kwa ajili hiyo, na sasa alikuwa analiita kimoyomoyo. Halikuja. Usiku uliopita alikuwa amelala usingizi mzito, wa kwanza tangu matanga, na mwili ulikuwa umetulia kabisa, mwepesi, hauna habari naye. Hata hasira haikuwepo. Alichokuwa nacho ni huzuni tu, na huzuni haimtishi mtu.

Vijana wakapigilia kigingi cha kwanza, kando ya chemchemi ya kijito.

Angelina aliteremka. Alipita katikati ya watu, akaingia kijitoni na nguo zake zote mpaka maji yakamfika magotini. Yalikuwa ya baridi mno, mifupa ikamuuma. Akajimwagia usoni na kifuani ili waone anatiririka. Kisha akageuka, akainua kidevu upande kama mama yake alivyokuwa akifanya anapokasirika, akaanza kuigiza.

"Mwinshehe."

Hakuwahi kumwita mjomba wake kwa jina. Mzee aliidondosha fimbo.

"Mwinshehe, nani amekutuma uuze maji yangu?"

"Dada, ulitamka mwenyewe."

"Nilitamka mnipumzishe. Nilisema niacheni nipumue, nyinyi mkasikia bonde. Nilisema na mimi mniuze. Mbona hamjaniuza? Tomasi, yuko wapi mnunuzi wangu?"

Tomasi alirudi nyuma, akajikwaa kwenye kamba.

"Mlinitoa kwenye maji haya mkanipigia ngoma," alisema, na hapo hakuwa anaigiza sana, kwa sababu machozi yalikuwa yake. "Mkanichanja. Nikanyamaza. Sasa mnataka kumtoa na mtoto wangu Shamimu. Mtalala wapi mkishauza mahali ninapolala?"

Bartholomeo alikuwa amesimama ukingoni, mdomo wazi kidogo, uso wa mtu anayemwona mkewe akifanya jambo la busara na la ajabu. Angelina alimwona. Alitaka kumhusisha, asimame upande wake, wote waone.

"Na wewe," alimwambia, "uliyepiga magoti jikoni kwangu, mvua inakuchuruzika, unanyamaza?"

Bartholomeo alikaa chini kwenye majani.

Ahmadi hakusubiri zaidi. Alikuwa mfanyabiashara, na alijua mali ya kununua na mali ya kuacha. Akawaambia vijana wang'oe kile kigingi, akaagana na wazee kwa upole, na kwa Tomasi akasema tu kwamba watazungumza mjini. Mjomba Mwinshehe alitamka mbele ya wote kwamba bonde haliuzwi, leo wala baadaye, maadamu Kunegunda yupo.

Shamimu ndiye aliyeingia majini kumtoa. Alimkumbatia kwa nguvu, akaanza kuongea sikioni mwake, haraka haraka, mambo ambayo hakuwahi kuyasema. Kwamba anaomba msamaha kwa kubadili dini bila kuaga. Kwamba usiku ule wa mwisho wa mama alisikia akiitwa na hakuamka, kwa sababu alikuwa amechoka kuamka. "Nisamehe, mama," alisema.

Angelina alitaka kusema, ni mimi, dada yako. Lakini wajomba na kaka walikuwa wamesimama pale pale wanatazama.

"Nimekusamehe," alisema.

*

Walirudi mjini jioni ileile. Kule Mkuyuni, wakisubiri gari, Bartholomeo alikaa kwenye jiwe la mbali. Angelina alimfuata, akachuchumaa, akamnong'oneza huku anatabasamu kwa mara ya kwanza siku nzima.

"Umeniona? Joto halikuja kabisa. Nimejifanya tu."

"Habari ya jikoni ulijuaje?"

"Jikoni gani?"

Bartholomeo alimweleza huku anatazama barabara. Mwaka ule mtoto wao wa kwanza alipofariki, Angelina alikimbilia kwa mama yake akasema harudi tena. Bartholomeo alipanda mlimani peke yake, mvua inanyesha, akamkuta mama mkwe jikoni. Alipiga magoti kwenye majivu akalia, akaomba mkewe. Hakuwepo mtu mwingine. Kunegunda alimwapia kwa rozari yake kwamba hatamwambia mtu maishani, kwa sababu mwanamume aliyelia hivyo hasemwi.

"Pengine aliniambia," Angelina alisema.

"Alikuambia?"

Alijaribu kukumbuka. Alitafuta miaka yote, vikao vyote vya jikoni na mama yake, hakukuta kitu. "Lilinijia mdomoni tu," alisema, na alipolisikia neno hilo linatoka alitamani alirudishe.

Nyumbani Josephine alikuwa ameshapika ugali. Bartholomeo hakula mezani, alichukua sahani yake akaenda kula uani. Baadaye aliingia chumbani, akakunja shuka yake, akachukua mto mmoja, akatandika mkeka sebuleni nyuma ya pazia. Kwa watu wa kwao Bartholomeo, Gairo, mtu na mama mkwe wake hawalali chumba kimoja, wala hawatazamani machoni.

Angelina alisimama mlangoni. "Baba Josephine, ni mimi. Nesi alikueleza, ulikuwepo. Ulisema mwenyewe mke wako ni Angelina."

"Alinieleza," Bartholomeo alisema. "Na nilimwamini."

"Basi njoo ulale."

Aliinamisha macho kwa heshima kubwa, heshima ambayo hakuwahi kumpa katika miaka yote ya ndoa yao, na sauti yake ilitetemeka kwa woga na kwa majonzi pia.

"Lala salama, mama," alisema, akavuta pazia.

Hapo ndipo joto lilipompanda, la kweli, kutoka kifuani mpaka kwenye nywele, jasho likaanza kumtoka. Angelina aliushika ukuta. Ndani ya nyumba hapakuwa tena na mtu wa kumwambia kwamba ni joto tu.